Simu Isome, Mtoto Aandike

Leo hatuna mapishi wala mishono. Tuna suala la watoto wetu wa skuli na tahajia ya Kiingereza, yaani kule kuendeleza maneno herufi kwa herufi, pamoja na hizi simu na vishikwambi tunavyoambiwa kuwa vitawafundisha. Tumelishughulikia jambo hili miezi mitatu mizima, kuanzia Mfungo Mosi mpaka Mfungo Tatu, na tumeona si vizuri kukaa nalo peke yetu.

Sisi ni wanawake wanne wa chumba kimoja cha cherehani, Mjini Unguja. Tumesoma mpaka kidato cha nne, tukaingia kozi ya ushonaji, tukaanza biashara. Walimu si sisi. Lakini kati yetu tuna watoto saba wanaosoma, mkubwa yuko kidato cha pili na mdogo darasa la nne, na kila jioni madaftari yao yanatandazwa juu ya meza ileile tunayokatia vitambaa. Mtoto akifika sekondari masomo yake karibu yote ni kwa Kiingereza. Asipojua kuandika "temperature" au "government" hapotezi alama za somo la Kiingereza tu, anazipoteza na za sayansi na za uraia, kwa sababu jibu analo kichwani ila mkono haujui kulitoa.

Ubishi ulianzia kwenye pesa, kama ubishi mwingi wa wanawake wa biashara. Mchezo wetu wa kila wiki ulikuwa umebakisha fungu, mmoja akasema tununue kishikwambi cha watoto wote na tulipie programu ya kufundishia maneno kwa mwaka. Mwengine akasema haifai, pesa hizo ziende tuisheni. Wa tatu akasema watoto wa siku hizi wameharibiwa na hizo hizo simu, warudishiwe penseli basi. Kila mmoja alikuwa na hoja. Tukakubaliana tujaribu kwanza kwa simu tulizonazo, pamoja na kishikwambi kimoja ambacho mjomba wa watoto alikileta kutoka Maskati, kisha tuone kwa macho yetu.

Na yuko aliyetupa haraka ya kutafuta jibu. Binti yetu wa kidato cha pili ana mtihani mwisho wa mwaka. Insha zake anazotuma kwa simu ni safi, hata koma ziko mahali pake. Lakini karatasi za majaribio ya darasani zilikuwa zikirudi nyekundu. Ameandika "becouse", ameandika "thier", ameandika "goverment" bila "n" ya katikati, na "exercise book", kitu anachokibeba mkobani kila siku ya Mungu, amekiandika "exersise". Tulipomuuliza imekuwaje, akajibu kwa utulivu kabisa: "Mama, kwenye simu najua."

Neno hilo lilitukalisha. Hakuwa akisema uongo. Kwenye simu anabonyeza b, e, c, na neno zima linajitokeza juu ya kibodi, yeye analigusa tu. Ameligusa mara elfu. Kuliandika hajapata kuliandika. Na kwenye chumba cha mtihani simu haiingii.

Kabla ya kumlaumu mtoto, tuwe waadilifu. Kiingereza kinachosha kukiandika hata kwa wenyewe. Sisi lugha yetu Mwenyezi Mungu ametujaalia wepesi: unavyosikia ndivyo unavyoandika. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja hiki chetu, na kamati ya kukisanifisha iliundwa mwaka 1930, wakati ambapo watu walikwisha kujua kuwa herufi moja kwa sauti moja ndiyo raha. Mtoto wa Kizanzibari akishajua ba, be, bi, bo, bu amemaliza safari. Anaingia kwenye Kiingereza na ramani hiyo hiyo mkononi, anaandika "naif" kwa kisu, "frend" kwa rafiki, "pipo" kwa watu. Ukimfikiria vizuri, huyo mtoto ana akili. Anaandika anachokisikia. Kiingereza ndicho kinachomgeuka.

Kina herufi 26 na sauti kama 44, basi herufi hazitoshi na inabidi zikopeshane. Halafu kuna historia. Mtu anayeitwa William Caxton alifungua kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476, na kuanzia hapo maandishi yakaanza kukazwa huku matamshi ya watu yakiendelea kutembea. Ile "k" ya "knife" zamani ilikuwa inatamkwa. Mdomo umeshaiacha, kalamu bado inayo. Nyengine ziliingizwa na wasomi kwa makusudi: "debt", yaani deni, ilitiwa "b" kwa sababu Kilatini kinayo, wala hakuna Mwingereza aliyewahi kuisikia. (Nani asiyejua kwamba deni lina kitu kilichojificha ndani.) Na sisi wa visiwani tuna letu. Neno "island" halikuwa na "s" hata kidogo katika Kiingereza cha kale. Wasomi waliifananisha na neno jengine lenye asili ya Kilatini, wakaichomeka, ikabaki mpaka leo. Mtoto wako akiandika "iland" akapigwa mkwaju mwekundu, ujue amekosea pamoja na babu zao Waingereza, ambao waliandika vivyo hivyo bila hiyo "s".

Tulipowasimulia watoto kisa cha "island" walicheka, na hakuna hata mmoja aliyeikosea tena. Simu haikuhusika hapo. Ilikuwa hadithi tu.

Sasa turudi kwenye jaribio letu. Kila wiki tulichagua maneno kumi kutoka mabuku yao ya skuli, matano tukayatoa chumbani kwetu, maana ushonaji una maneno yenye vituko. Tukayapeleka kwa njia tatu, tukizungusha watoto ili asiwepo aliyekaa njia moja wakati wote.

Njia ya kwanza ilikuwa mchezo wa kwenye kishikwambi. Picha inatokea, herufi zimetawanyika chini, mtoto anazivuta na kuzipanga, akipatia nyota zinarushwa na muziki unalia. Njia ya pili ilikuwa ile ya zamani tuliyosomeshwa sisi, kunakili kila neno mara kumi kwenye daftari. Njia ya tatu tuliibuni wenyewe kwa shida zetu: simu inasoma, mtoto anaandika kwa penseli. Imla, basi, ila msomaji ni simu.

Tuelezee hiyo ya tatu, maana ndiyo yenye faida kwa mama wa nyumbani. Imla inataka mtu anayejua kulitamka neno. Wengi wetu Kiingereza chetu ni cha sokoni, cha kumwambia mgeni bei ya kanga. Ukimsomea mtoto "thread" ukaitamka "tiredi", naye ataandika hivyo hivyo, na si kosa lake. Simu hapa inaokoa. Unaandika neno, unaigusa alama ya spika kwenye kamusi au kwenye programu ya kutafsiri, inalisema kwa sauti ya Kiingereza, unalirekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Maneno kumi ni dakika tano. Mtoto anabaki na simu imefunikwa kifudifudi mezani, anasikiliza, anasimamisha, anaandika. Akimaliza anafungua buku lake mwenyewe na kujisahihisha. Mama ambaye hakupata hata kidato cha kwanza anaweza kusimamia imla ya Kiingereza ya darasa la sita huku anakuna nazi. Hili tumeliona kwa macho, kwa bibi wa mmoja wa watoto, ambaye kazi yake ilikuwa moja tu: kuhakikisha simu haigeuzwi.

Wiki ya kwanza mchezo ulishinda kwa mbali. Tuseme kweli. Watoto waliugombania, na Alhamisi tulipowapa karatasi waliocheza walipata vizuri kuliko wote. Mwenzetu aliyetaka kununua kishikwambi akaanza kuuliza bei Darajani. Lakini tulikuwa tumekubaliana kuwauliza maneno hayo hayo tena baada ya wiki mbili, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Maneno ya kwenye mchezo yalikuwa yameyeyuka. Mtoto anakumbuka picha ya mkasi, anakumbuka hata rangi ya nyota, lakini "scissors" anaanza na "s" halafu anakuangalia usoni kama wewe ndiye utakayemtawanyia herufi. Kwenye mchezo herufi zote ziko mbele yake, yeye kuzipanga tu. Ni sawa na kumpa fundi mwanafunzi gauni lililokwisha kukatwa aunganishe, kisha useme anajua kukata.

Waliopata imla ya simu wiki ya kwanza walikuwa wamechukia na wamekosea sana. Baada ya wiki mbili ndio waliobakiwa na maneno mengi.

Na njia ya zamani, kunakili mara kumi? Hapa ndipo mwenzetu wa penseli alipokatika. Iliwashinda nayo. Hati nzuri, mistari imenyooka, na akili iko nje inacheza mpira. Tulimkuta kijana mmoja anaandika herufi za kwanza kwenda chini ukurasa mzima, kisha za pili, kisha za tatu, kama anayepanga shanga. Alimaliza upesi wala neno hakulijua. Kwa hiyo wanaosema tatizo ni simu na dawa ni daftari hawajalitazama jambo vizuri. Daftari nalo linaweza kumfanyia mtoto kazi akalala.

Mpwa wetu mmoja anasomea ualimu. Tulipomsimulia akasema hayo yanajulikana, akatueleza kuwa mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kitu cha kusoma. Kundi moja likarudia kukisoma, jengine likafunika na kujaribu kukikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojikumbusha ndio waliokuwa mbele. Tukatazamana. Kumbe meza yetu ya kukatia ilikuwa imeona jambo ambalo limeshapimwa na wenye elimu yao.

Akatueleza na jengine la Norway, lililotoka mwaka 2024. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu walivishwa vifaa vya kupima ubongo kichwani, wakaandika maneno kwa mkono na kwa kubonyeza kibodi. Walipoandika kwa mkono sehemu za ubongo ziliwasiliana zaidi kuliko walipobonyeza. Lakini sikilizeni hili: hawakuandika kwenye karatasi. Waliandika kwa kalamu ya kielektroniki juu ya kioo. Basi kioo si adui. Faida iko kwenye mkono kuichora herufi yenyewe, uwe unaichora kwenye kioo, kwenye karatasi au kwenye mchanga wa Forodhani.

Mwenzetu wa kishikwambi hakukubali kushindwa hivyo hivyo, na alikuwa na hoja nzito. Alitukumbusha Tanga, hapo ng'ambo tu ya maji. Kulikuwa na shindano kubwa la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE. Watoto takriban 2,700 katika karibu vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, wengi wao hawajawahi kukaa skuli. Wakakaa navyo miezi 15, na mwaka 2019 programu mbili zikagawana zawadi ya dola milioni 10, kwa sababu watoto kweli walijifunza. Hilo ni kweli, na ni jambo la kushukuriwa. Ila walikuwa wakijifunza Kiswahili. Kwenye lugha ambayo herufi na sauti zinaaminiana, mashine ikishamwonyesha mtoto mlango anaingia mwenyewe. Kwenye Kiingereza kila neno lina mlango wake. "Though", "through", "tough", "cough": mkia ni mmoja, sauti ni nne. Hapo kuonyeshwa hakutoshi, lazima uzoee kuchimbua neno kichwani mwako.

Tena mashine si za aina moja, na watu wanazitia kapu moja. Mwaka 1978 kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilitoa kidude cha watoto kiitwacho Speak & Spell. Kinasema neno, mtoto anabonyeza herufi zake, kinamwambia amepatia au amekosea. Hakimwandikii. Miaka ya 1990 ndipo programu za kompyuta kama Microsoft Word zilipoanza kujisahihishia zenyewe unapoandika, na sasa kibodi za simu zinakumalizia neno kabla hujalifikiria. Vyote vinaitwa teknolojia. Cha kwanza kinamdai mtoto, hiki cha pili kinamlipia. Sisi tunaona kipimo ni hicho, wala si bei, wala si muziki wa nyota.

Hapa tuseme kidogo la dini, maana liko ndani. Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary wa Misri ndiye aliyerekodi Qur'ani yote kwa tartili, mwaka 1961, na hiyo ilikuwa teknolojia mpya kwa wakati wake. Sauti za wasomaji kama yeye zimeingia kila nyumba hapa visiwani. Mtoto anasikiliza na matamshi yake yananyooka, masha Allah. Lakini nani kati yetu aliyesema kwamba kwa kuwa sauti iko ndani ya simu basi mtoto asiende chuoni? Anakwenda, anakaa mbele ya maalim, anafunika msahafu, anasikilizwa. Akikwama anaachwa akwame kidogo kabla ya kusaidiwa. Kwenye Qur'ani tunajua siku zote kuwa kusikia ni jambo moja na kukitoa kifuani ni jengine. Kwenye Kiingereza tukaona aibu kufanya vile vile, tukadhani vya kizungu vinataka njia ya kizungu.

Na liko la amana. Insha iliyonyooshwa na simu ikakabidhiwa kwa mwalimu kama kazi ya mtoto haiko mbali na ghishi. Hatuwaiti watoto walaghai, wao wamekuta kibodi inafanya hivyo. Ila tumewaambia: kazi ya skuli iandikwe kwanza kwa mkono na makosa yake, kisha simu iwe ya kukagua. Mwalimu anahitaji kuyaona makosa, la sivyo atamsomesha nini?

Sasa la biashara. Hoteli moja ilituagizia aproni 12 zenye maandishi ya kudarizi, kila sehemu ya jiko na lake. Orodha ikaja kwa simu. Moja ilisema "Desert". Simu yao haikuweka mstari mwekundu chini yake, na kwa nini iweke, "desert" ni neno sahihi kabisa, maana yake jangwa. Walichotaka ni "Dessert", vitamutamu vya baada ya chakula, "s" mbili. Aliyegundua ni msichana wetu wa kudarizi, ambaye hana hata simu ya kisasa, lakini alisomeshwa na mwalimu mkali wa imla. Tukapiga simu hotelini kuuliza kabla sindano haijagusa kitambaa. Wakashukuru sana, na wakaongeza oda.

Maneno ya namna hiyo simu haitamsaidia mtoto nayo, na fani yetu imejaa. "Waist" ni kiuno, "waste" ni taka. "Dyed" ni kitambaa kilichotiwa rangi, "died" ni aliyekufa. "Seam" ni mshono, "seem" ni kuonekana. Na "sew", kushona kwenyewe, inatamkwa "so", wakati "new" inatamkwa "nyu". Mtoto akiandika kwamba mama yake "so" nguo, simu itanyamaza, maana "so" nalo ni neno.

Mengine mawili matatu tuliyoyaona njiani. Simu nyingi zimewekwa Kiingereza cha Marekani, na huko tangu kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828 "colour" ni "color" na "centre" ni "center". Skuli zetu zinafuata Kiingereza cha Uingereza. Binti yetu aliandika "colour" kwa usahihi, simu ikamwekea mstari mwekundu, akalifuta lililo sahihi akaweka jengine. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, chagua Kiingereza cha Uingereza. Hapo hapo utaona sehemu ya kuzima usahihishaji wa papo hapo na yale maneno yanayojitokeza juu. Zima kwenye simu anayoitumia mtoto. Atanung'unika siku tatu. Mstari mwekundu uache, huo unamwambia kuna kosa lakini unamwachia alitafute.

Mmoja wa wanetu ni mzito wa kusoma tangu mdogo, herufi zinamchanganya, darasani wenzake wanamcheka. Kwake mchezo wa kishikwambi ulikuwa rehema. Haucheki, haukunji uso, unarudia neno mara 20 kwa sauti ileile. Kwa mara ya kwanza tulimwona anakaa na maneno kwa hiari yake. Hatukumwondolea. Tulichofanya ni kwamba akishacheza, kishikwambi kinafunikwa, anaandika matatu tu kati ya kumi kwa mkono. Matatu yake tunayahesabu sawa na kumi ya wengine, na ndugu zake wamekatazwa kusema neno.

Kishikwambi kipya hatukununua. Fungu la mchezo limelipa tuisheni ya binti wa kidato cha pili mpaka mtihani, na kilichobaki kimenunua madaftari, penseli na kamusi moja ya karatasi, ambayo imechakaa tayari pembe zake. Anaendeleaje? Afadhali. "Government" amelishika, "because" pia. "Their" bado linamtoka siku moja moja, hasa akiwa na haraka. Karatasi ya wiki iliyopita ilikuwa na nyekundu chache, na mwalimu wake kaandika pembeni maneno mawili ya kumtia moyo ambayo hatutayasema, maana kaona haya.

Wenye watoto wa darasa la tano kwenda juu wanaotaka kufuatana nasi, imla yetu ni kila Alhamisi baada ya Alasiri, chuo kikiwa kimefungwa. Maneno ya wiki hii: scissors, thread, needle, measure, sleeve, waist, collar, island, debt, government. Sauti irekodiwe Jumatano usiku watoto wakiwa wamelala, kwa sababu sisi tulirekodi mchana wakatusikia tukibishana na simu, wakayajua yote kabla ya wakati.